Kiwanja cha Kariokor si kitupu

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo, mama yako anakusalimu sana.

Juzi kwenye simu ulisema mahali pa kuchomea maiti pale Kariokor ni ardhi ya bure katikati ya Nairobi, na heri pangejengwa fleti. Sikutaka tubishane kwa simu. Wewe unasomea upimaji wa ardhi, na kesho keshokutwa utashika ramani.

Unajua useremala nilifundishwa na fundi mmoja Kalasinga, mtu wa dini ya Sikh. Alipofariki, nilikuwa miongoni mwa waliombeba hadi Kariokor. Kuni zilipangwa kwa ustadi ambao yeye mwenyewe angeukubali: magogo mazito chini, membamba juu, nafasi ya kupitisha hewa katikati. Mwanawe mkubwa ndiye aliyewasha moto. Wazee wakasoma Kirtan Sohila, sala ileile wanayoisoma kila usiku kabla ya kulala. Baadaye majivu yalikwenda kumwagwa kwenye maji yanayotiririka. Jiwe halikuwekwa, kwa kuwa mwongozo wa dini yao unakataza kumjengea marehemu ukumbusho mahali alipochomewa.

Sasa fikiri kama mpimaji. Ukikuta makaburi utasimama, uulize ni ya nani. Pale hutakuta hata jina moja, basi ni rahisi kuandika "kitupu" na kupita. Hilo ndilo linaloniogopesha, mwanangu.

Reli waliyoijenga mababu wa fundi wangu ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu 1901. Vibarua 31,983 waliletwa kutoka India, wengi wao Wapunjabi, na 2,493 kati yao wakafa. Machi 1898, kule Tsavo, simba alimtoa hemani usiku msimamizi wa vibarua, Ungan Singh, naye Kalasinga. Patterson, mhandisi wa daraja, alifuata nyayo na wenzake hadi wakayapata mabaki. Wakayarundikia mawe papo hapo porini, kichwa wakarudi nacho kambini ili daktari amtambue. Mtu wa dini ile alistahili moto na sala, na mtoto wake awepo. Kila nikikumbuka habari hiyo naona thamani ya kuwa na uwanja, kuni zikiwa tayari na ndugu wakiwa karibu.

Tena si wao peke yao wanaopahitaji. Profesa Wangari Maathai alichomewa Kariokor mwaka 2011. Hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake, kwa hiyo likatengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugumaji. Mimi niliyeishi kwa kuranda mbao nililitazama lile jeneza kwa heshima kubwa. Askofu Mkuu wa Anglikana, Manasses Kuria, alikuwa amemtangulia hapo mwaka 2005, na watu walinung'unika sana kwamba kuchoma maiti si desturi yetu. Desturi ya nani? Mababu wa fundi wangu walijenga reli hii na wakafia hapa.

Ukija likizo, njoo na daftari. Mwanawe fundi bado ana karakana Ngara, na anayakumbuka majina ya wazee waliochomewa pale tangu enzi za baba yake, na kazi aliyofanya kila mmoja. Nimeshamwambia utafika, akasema uje asubuhi kabla wateja hawajajaa.

Ni mimi,
Baba yako