Mwanangu, kioo cha maji kitakudanganya

Mwanangu,

Meseji yako nimeipata, eti wamekuweka kwenye boila ya meli, ile inayochemsha maji yawe stimu, yaani mvuke wa kusukuma injini, na zamu yako ya kwanza ndo mnatoka bandarini. Nimefurahi ila usingizi umekata, maana katikati ya bahari boila haina shida sana, kasheshe ni kuingia na kutoka bandarini, kule juu brijini wanakoongozea meli wanabadili mwendo kila dakika, mara mbele, mara simama, mara nyuma, na wewe huku chini hujui wanaona nini.

Sasa sikia. Injini ikifunguliwa ghafla inavuta stimu nyingi, presha ya boila inashuka, na presha ikishuka yale mapovu yaliyomo ndani ya maji yanavimba yanayanyanyua, kwahiyo kwenye kioo cha kupimia maji ya boila unaona yamepanda. Hayajaongezeka hata kikombe! Yanapungua, injini si inayala. Mgeni akiona hivo anafunga maji ya kulishia, muda si mrefu mapovu yanasinyaa na maji yanazama chini ya kioo.

Mimi yalinikuta ya upande wa pili. Zamu ya usiku, bado kijana, telegrafu, ile kengele ya amri toka brijini, ikalia simama. Injini ikafungwa, presha ikapanda, mapovu yakasinyaa na maji kwenye kioo yakashuka kama vidole vitatu mbele ya macho yangu, roho ikaruka nikafungua maji mpaka mwisho. Dakika chache telegrafu ikalia tena, mbele kwa mwendo wote. Boila nimeshaijaza, na maji yakavimba juu ya kujaa kwake, yakapitiliza pamoja na stimu mpaka kwenye silinda. Ule mlio mwanangu, kama kuna mtu kafungiwa ndani ya chuma anagonga kwa nyundo. Maji hayabanwi kama stimu, pistoni ikiyakuta hayana pa kwenda, kifuniko cha silinda kinaweza kupasuka. Bahati fundi wa zamu alikua mwepesi, akabana stimu akafungua vikoki vya kutolea maji silinda. Hakunitukana, alinitazama tu, bora angenitukana.

Kwahiyo mwendo ukibadilika angalia geji ya presha kwanza alafu ndo kioo, na valvu ya maji izungushe kidogo, subiri, angalia, kidogo tena. Ila kusubiri kuna mwisho wake: maji yakipotea chini ya kioo na ukipuliza kioo, yaani ukikimwaga kwa koki yake kukisafisha, hayarudi, zima moto wote mwite injinia, na usithubutu kuingiza maji baridi, chuma kilichokauka kikaiva moto ukikirushia maji ndo balaa lenyewe. Ndo maana kioo unakipuliza kila ukipokea zamu, njia ya stimu peke yake, njia ya maji peke yake, na maji yarudi kwa haraka. Yakirudi kivivu ujue kuna njia inaziba na hicho unachokisoma si maji ya boila.

Moto nao usiuache nyuma. Wakiongeza mwendo tanguliza hewa ndo uongeze mafuta, wakipunguza toa mafuta kwanza hewa ifuate, ukigeuza utaona moshi mweusi na brijini watapiga simu kukusema. Wakisimamisha zima bana, kile kichomeo cha mafuta, mapema, la sivyo presha itafika juu na valvu ya usalama itafunguka kwa kelele za kutisha, usiogope, inafanya kazi yake, we usiiguse tu. Na bana iliyozimika usiiwashe kwa joto la matofali ya tanuru hata ukiwaona wazee wanafanya, funga mafuta, acha feni ipulize tanuru mpaka gesi itoke yote, alafu washa kwa kijinga cha moto ukiwa umesimama pembeni. Namjua mtu aliyesimama mbele, nyusi zake hazikuota tena vizuri.

Mkifika niambie vioo vyenu viwili vinakubaliana au kila kimoja na lake. Na kama taa ya nyuma ya kioo ni mbovu dai nyingine, mie nilidai wiki mbili nzima wakanipa kwa kunichoka.

Babako