Usizipige nanotyubu, zipe elektroni

Rehema shoga angu,

Za siku nyingi? Meseji yako nimeiona, ile ya nanotyubu (vile vimirija vidogo mno vya kaboni) kugoma kuachana, nikasema hii siijibu kwa mstari mmoja maana mada yenyewe naipenda mno.

Shida unaijua, tyubu za kaboni zinavutana ubavu kwa ubavu mpaka zinakua mizigo kama ya kuni, na watu wengi wakitaka kuzitenganisha wanazipiga na ultrasoniki, yaani mawimbi makali ya sauti, sawa zinaachana ila zinakatika pia, unabaki na vipande vifupi wakati urefu ndo ulikua unautaka. Mi naona huko ni kuharibu mali kabisa.

Zipe elektroni. Potasiamu inaachia elektroni yake ya nje kirahisi sana, ukiichanganya na naftaleni ndani ya THF, ambayo ni kiyeyushi, unapata kimiminika cha kijani kilichokolea, hicho ndo kinazibebea tyubu elektroni, na zikishapokea kila moja inakua na chaji hasi alafu zinaanza kusukumana zenyewe. Mwaka 2005 Alain Pénicaud na wenzake kule Bordeaux, Ufaransa, walionyesha chumvi ya namna hiyo, yaani tyubu zenye chaji pamoja na ioni za potasiamu, ukiitia kwenye DMSO, kiyeyushi kingine, inayeyuka yenyewe, bila ultrasoniki, bila sabuni, yaani inayeyuka! Baadae wakafanya hivohivo na grafiti, yaani kinywe, wakapata shiti za grafini, tabaka mojamoja za hiyo grafiti.

Na kaboni kupokea elektroni sio habari ya jana, toka 1926 Fredenhagen na Cadenbach waliingiza potasiamu katikati ya matabaka ya grafiti, ikatoka KC8, potasiamu moja kwa kaboni nane, ile rangi nyeusi inageuka ya shaba. Lithiamu nayo inaingia moja kwa kaboni sita, inakua kama dhahabu, na hiyo ndo inayotokea ndani ya betri ya simu yako ukiichaji, ndo maana kinywe cha Mahenge kinatafutwa hivi. C60 nayo, ile molekuli ya kaboni sitini yenye umbo la mpira, ukiipa potasiamu tatu ukaipoza mpaka kama nyuzi 255 chini ya sifuri umeme unapita bila ukinzani wowote, hilo lilijulikana 1991, mi mpaka leo nikilifikiria nasisimka.

Sasa kwako wewe, usizidishe potasiamu, ioni zikiwa nyingi kwenye kiyeyushi zinafunika chaji na tyubu zinarudi kushikana, afadhali kidogo kuliko nyingi. Na zikiwa bado na chaji ndo wakati wa kuzipachika vikundi vya atomu unavyotaka, tia iodidi ya alkili tu, kaboni inajishikia yenyewe.

Ila oksijeni na unyevu ni adui, hewa ikiingia elektroni zote zinakimbilia oksijeni, na KC8 ikikutana na hewa inawaka moto. Kwahiyo niambie kwanza kama maabara yenu ina boksi la argoni, lile lililofungwa hewa isiingie, kama hamna usijaribu kabisa, tutafute maabara yenye nalo.

Wako,
Zuhura