Matone ya ganzi yasitoke kliniki

Mhariri,

Msimu wa kupuliza mikorosho, kuanzia Tandahimba na Newala hadi Ruangwa, unga wa salfa huwaingia watu machoni. Jicho huwaka, halifunguki. Hapo ndipo matone ya ganzi, ambayo mhudumu wa macho huyatumia kwa uchunguzi, huishia mfukoni mwa mgonjwa aende nayo nyumbani. Tunaomba sana jambo hili likome.

Konea, kile kioo angavu kilicho mbele ya mboni, ina unene wa kama nusu milimita na haina mshipa wa damu hata mmoja. Lakini imejaa neva, kwa msongamano unaoizidi ngozi mara mamia. Zinatokana na neva ya tano ya kichwa na huingia kutoka ukingoni pande zote. Zikishapita kama milimita 1 huvua ala yake ya mafuta, mwanga usizuiwe, kisha hupanda na kuishia zikiwa uchi katikati ya seli za juu kabisa. Ndiyo maana chembe ya mchanga husikika kama jiwe.

Neva hizo ndizo zinazofanya kope zipepese na machozi yatoke, tena hutoa viini vinavyolisha seli za juu. Ganzi huzima hayo yote, na dawa yenyewe huzuia seli kusogea kuziba mchubuko. Nguvu yake huisha baada ya kama dakika 15 au 20, basi mtu anatonesha tena, na tena. Mchubuko mdogo ambao ungepona kwa siku 1 hadi 3 unakuwa kidonda, kisha kovu jeupe au tundu, na mwenyewe hasikii.

Salfa ikiingia, usifikiche. Osha papo hapo kwa maji safi yanayotiririka, dakika 15 au zaidi, ukiinua kope ya juu, maana unga hujificha chini yake. Jicho likiendelea kuuma au kuona ukungu, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kwa wahudumu wenzetu: kabla ya tone lolote, sokota pamba iwe na ncha, ilete kutoka pembeni, gusa konea bila kugusa kope. Lisipopepesa, ulizia mkanda wa jeshi, hasa vipele vilivyofika ncha ya pua, kwa sababu tawi moja la neva huhudumia pua na konea. Jicho jekundu ambalo konea yake haisikii pamba lipelekwe kwa daktari wa macho haraka, hata kama haliumi.

Wahudumu wa macho,
Mtwara