Mzigo wa Tabora ulikuwa nta, si asali

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu biashara ya Unyamwezi zama za Mjerumani inasema wapagazi waliteremsha asali pwani. Ile waliyokula njiani sina neno nayo, lakini kilichopimwa kwa frasila na kupakiwa melini kwenda Ujerumani kilikuwa nta.

Aliyewahi kusafirisha asali haoni ajabu. Asali huvuja, ikiingia maji huchacha, na chombo chake nacho ni mzigo. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Kabla ya hapo mpagazi alibeba kama frasila mbili, kilo 32 hivi, na donge la nta halitaki debe wala kibuyu. Asali ilibaki nyumbani, nyingi ikaishia kwenye wanzuki, pombe ya asali. Masega yalipondwa, yakalowekwa kwenye maji ya vuguvugu, maji matamu yakaachwa mpaka yakachacha, machicha yenye nta yakatupwa. Kodi ya nyumba ilipoanza mwaka 1898, na rupia zikatakiwa, machicha yale yale yakawa na bei.

Makala inapita haraka kwenye uchemshaji, kumbe kazi yenyewe iko hapo. Masega yasikae: yakilala wiki chache, nondo wa nta huyatoboa yakabaki utando na kinyesi. Huoshwa kwanza utamu utoke, kisha hutiwa kwenye chungu chenye maji mengi. Chungu cha udongo hakina madhara. Cha chuma huitia nta rangi ya kahawia chafu, na bei ikashuka. Moto uwe wa kiasi, kwani nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 65. Maji yakitokota kwa fujo, nta na maji hushikana, ukapata kitu kama uji mzito usioganda vizuri. Ikishayeyuka humiminwa kwenye mfuko wa kitambaa, na mfuko husokotwa kwa vijiti viwili mpaka uchuruzike. Kisha huachwa ipoe polepole, imefunikwa. Ikipoa haraka hupasuka, na uchafu hunaswa katikati badala ya kuzama chini. Asubuhi donge hugeuzwa, na ule ukoko mweusi wa chini hukwanguliwa kwa kisu.

Mnunuzi anayeijua nta haangalii juu. Analivunja donge: nta safi hukatika kwa chembechembe na kunukia asali, iliyotiwa mafuta ya mnyama huteleza vidoleni na kupinda kabla ya kukatika, yenye mchanga au jiwe hujitangaza yenyewe. Masega meusi ya majana, yaani watoto wa nyuki, hayana faida kubwa hata ukiyachemsha kwa uangalifu, kwa sababu maganda ya majana hufyonza nta na kukaa nayo.

Sasa hesabu. Mzinga wa kienyeji hutoa kama kilo moja ya nta kwa kila kilo 10 za asali. Mzinga ukitoa kilo 10 hadi 12 za asali msimu ukiwa mwema, mzigo wa mpagazi mmoja unadai mizinga kama 30, kila mmoja umepandiwa mti usiku na kienge cha moto mkononi. Mizinga hiyo ilikuwa ya gogo lililochongwa ndani, au ya gome la miti kama mtundu lililobanduliwa wakati wa mvua linapoachia mti kirahisi, kisha likashonwa kwa vijiti na kuzibwa ncha zote mbili. Wa gome ni mwepesi kuupandisha juu, lakini haudumu miaka mingi kama wa gogo, na mti uliobanduliwa gome kuuzunguka hufa. Hilo makala haikuligusa, na mimi naliona ndilo deni kubwa la biashara ile kwa misitu yetu.

Mwisho, picha mliyoweka ni ya mzinga wa sanduku wenye fremu. Huo haufai kueleza habari hii. Kwenye fremu, asali hukamuliwa kwa mashine ya kuzungusha na sega hurudishwa kwa nyuki walijaze tena, kwa hiyo nta ni kidogo mno: vifuniko vya vyumba na mabaki. Kwenye gogo na gome mrina hukata sega zima, na nta ya kujaza mizigo ilitoka huko. Toleo lijalo naomba mweke picha ya mzinga wa gogo.

Mfuga nyuki,
Sikonge, Tabora