Usimtegee mondo sumu, baba

Mwanangu,

Habari za ndama nimezipata. Kufikisha ng'ombe wanne ukiwa peke yako huko Karatu si mchezo, na nimewatangazia watu. Lakini shangazi yako anasema unataka kumtegea mondo nyama yenye dawa. Usitege.

Mondo ni paka wa porini; si chui, wala si mtoto wa duma. Ana masikio makubwa, miguu mirefu, mkia mfupi wenye pete, na hata dume hafiki kilo 20. Ndama hamwezi. Chakula chake hasa ni panya, hao hao wanaokumalizia mahindi. Kuku atachukua akiwakuta nje, kwa hiyo wafungie kabla ya magharibi, na banda liwe na wavu hata juu, maana huyo anaruka. Nyama yako ya sumu italiwa na mbwa na tai kabla yake, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 haitakuuliza umepoteza kuku wangapi.

Wa kuogopwa unaye uani. Ile lantana unayoisifia maua, ya njano na ya waridi, ndiyo itakayokumalizia ng'ombe. Aliyeipanda alitaka ua wa haraka, tuyaache hayo. Kiangazi nyasi zikiisha, ng'ombe mwenye njaa huila, hasa mgeni asiyeijua. Ini linaharibika: anaacha kula, anafunga choo, macho yanakuwa ya njano, pua na ngozi nyeupe zinababuka juani. Ukiona hivyo mtie kivulini na umwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, maana sumu hubaki tumboni ikiendelea kuingia mwilini.

Ukiikata inachipua, ukiichoma inachipua. Ngoja mvua ilainishe udongo, uchimbe hadi kisiki, kabla matunda hayajawa meusi ndege wakayasambaza. Matawi yasikae karibu na zizi; hata yakikauka yana sumu. Chungulia chini kwanza, mondo huficha watoto vichakani. Ukiwakuta, usiwaguse. Hamia upande mwingine, mama yao atawahamisha.

Na hiyo dawa, umeshainunua? Nijibu hilo kwanza. Hodari ni hodari, ila kuuliza hutaki, kama baba yako.

Pumba magunia mawili yako kwa shangazi. Ukienda kuyachukua mrudishie toroli lake, amelalamika mno.

Mama yako