Barua kwa Mwanangu: Kabla Hujalipia Royal Oak

Nairobi

Mwanangu mpendwa,

Picha za ile saa ya mkononi, Royal Oak 15400 iliyokwisha kutumika, uliyoonyeshwa Westlands zimenifikia, na swali lako, kama uilipie au uiache, nimelielewa. Nakujibu kwa maandishi kwa sababu mambo ni mengi na kwenye simu nusu yake ingekupotea.

Umechagua vizuri. Una Seiko ya kuzamia, una Omega Speedmaster ya kutia ufunguo kwa mkono, na zote mbili zilibuniwa kwa ajili ya kazi: kusomeka upesi na kuvumilia. Hii ni saa ya aina nyingine. Mbunifu wa saa Gérald Genta aliichora, kampuni ya Audemars Piguet ya Le Brassus, Uswisi, ikaitoa mwaka 1972 kwa faranga 3,300 za Uswisi, tena ya chuma cha pua, wakati ambapo mwenye pesa alivaa dhahabu. Bei ile ililipia mikono iliyokisugua na kuking'arisha chuma kile pembe kwa pembe. Kwa hiyo, mwanangu, ukienda kuikagua jua kwamba unanunua kingo. Zikishalika, hata mashine ya ndani iwe nzima namna gani, sehemu kubwa ya ulicholipia haipo tena.

Nenda mchana, ukae karibu na dirisha. Beba lenzi ya kukuza mara 10 na tochi ndogo. Anza na ile pete ya juu yenye pembe nane, inayozunguka kioo. Uso wake wa juu una mistari myembamba ya msasa, yote inaelekea upande mmoja, wala haung'ai. Ukingoni kuna mteremko mwembamba uliong'arishwa kabisa. Pale uso na mteremko vinapokutana lazima uone mstari mkali ulionyooka. Izungushe saa polepole chini ya mwanga na uulinganishe mteremko huo kwenye pande zote nane: upana ni uleule? Ukiona upande mmoja ni mpana na mwingine umebanwa, au mstari unayumba, au pembe zimeanza kuwa za mviringo, saa hiyo imepigwa polishi na mtu asiyejua anachokifanya. Kila polishi hula chuma, na chuma kilicholiwa hakirudi. Wapo mafundi wa ng'ambo wanaojazia kwa kuchomelea kwa leza kisha kuchonga upya, lakini ni wachache na gharama yake ni nzito.

Picha ulizonitumia zinang'aa mno. Hilo ndilo linalonitia shaka. Wauzaji wengi huipitisha saa kwenye gurudumu la polishi kabla ya kuiweka kabatini kwa sababu mng'ao huvuta macho ya mteja. Ukipewa mbili uchague, moja ina mikwaruzo ya mezani lakini kingo zake ni kali, nyingine inameremeta na pembe zake ni laini, chukua yenye mikwaruzo bila kusita.

Baadaye tazama skrubu nane za dhahabu nyeupe zilizo juu ya pete. Kila moja ina kichwa cha pembe sita kilichozama ndani ya tundu la pembe sita, hivyo hakiwezi kuzunguka. Kinachokazwa ni upande wa nyuma wa saa. Ndiyo maana mifuo ya vichwa hivyo, yaani ile mikato iliyochongwa juu yake, yote hufuata duara la pete kwa mpangilio mmoja. Ukikuta mifuo inaelekea huku na kule, ondoka. Ukikuta alama za bisibisi kwenye vichwa hivyo, kuna aliyejaribu kuvifungua kutoka juu bila kujua saa hii imeungwaje, na hapo ujiulize amegusa nini kingine.

Kwenye uso wa saa, vile viraba vidogo viwe na kingo safi, na dirisha la tarehe lisiwe na mabaki ya chuma pembeni. Uso wa 15400 una neno AUTOMATIC upande wa chini, juu ya alama ya 6. Kwenye 15500 iliyoifuata mwaka 2019 neno hilo liliondolewa. Uso usiolingana na namba ya modeli maana yake vipande vimechanganywa.

Mkanda wake wa chuma usiuchukulie kwa wepesi. Umeungana na kasha moja kwa moja, na pingili zake hupungua upana kidogokidogo kuelekea kwenye kifungo. Huwezi kuuvua leo ukaweka mkanda wa ngozi wa dukani kama ufanyavyo kwa Omega. Ishike saa kwa ubavu, mkanda ulale hewani, uone unavyoning'inia. Ukipinda sana kuelekea chini, pini na matundu yake vimelika. Vumbi letu jekundu likichanganyika na jasho hufanya kazi hiyo taratibu, ndani kwa ndani. Uliza pia pingili zilizopunguzwa ziko wapi. Zisipokuwepo, utaziagiza kwa kampuni yenyewe, na si rahisi kwa bei. Kisha ivae, uishushe mikono yako kawaida, usimame. Kasha ni milimita 41, na pingili za kwanza hazishuki wima. Kwenye mkono mwembamba hutokeza pembeni na kuacha upenyo. Ikikukaa hivyo, tafuta ya milimita 39, maana hakuna fundi atakayelirekebisha hilo.

Mashine usiihukumu kwa sikio. Mwombe mwuzaji mwende pamoja kwa fundi mwenye mashine ya kupimia mapigo na mwenye zana halali za kufungulia saa hii. Mashine ya ndani ni modeli iitwayo kaliba 3120: mapigo 21,600 kila saa moja, mawe 40 ya kupunguza msuguano, na rota ya dhahabu ya karati 22, kile kizito kinachozunguka na kuitia saa ufunguo mkono ukitembea. Nyuma ni kioo, lakini feki za siku hizi huiga hata rota, kwa hiyo sharti ifunguliwe. Itiwe ufunguo kamili kwanza, ndipo ipimwe ikiwa imelala uso juu, uso chini, na ikiwa wima kwa angalau namna tatu. Mbembeo wa gurudumu la mizani, lile linaloenda na kurudi kuhesabu muda, ukiwa kati ya digrii 270 na 310 uso ukiwa juu, ni sawa. Ukishuka chini ya 250 hali imetiwa ufunguo kamili, mafuta yamekauka au springi imechoka. Fundi aweke kwenye chombo chake cha kupimia pembe ya mnyanyuko iliyo sahihi kwa kaliba hiyo, la sivyo namba itakayotoka ni ya uongo.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji chombo. Akiba yake ya nguvu, yaani muda inaotembea bila kuvaliwa, ni ya saa 60. Ikitiwa ufunguo kamili Ijumaa saa kumi na mbili jioni na kulazwa, inapaswa kufika Jumatatu karibu saa kumi na mbili asubuhi. Ikisimama Jumapili asubuhi, punguza bei kwa kiasi cha huduma nzima.

Karatasi: namba ya kasha na namba ya mashine zilingane na cheti, herufi kwa herufi. Namba ya kasha itafutwe kwenye The Watch Register ya London, ambako saa zilizoibwa huandikishwa. Mwuzaji akikuambia saa bado iko Dubai na italetwa mfukoni mwa msafiri, kataa. Saa iliyopitishwa uwanja wa ndege wa JKIA bila kutangazwa haina hati ya forodha, na siku mamlaka ya kodi, KRA, au kampuni ya bima ikiuliza iliingiaje nchini, wa kujibu ni wewe. Kuna VAT ya 16% juu ya ushuru na ada nyinginezo. Bei iliyo chini ajabu mara nyingi ni hayo ambayo hayakulipwa.

M-Pesa haitakufikisha, kwani kikomo ni shilingi 250,000 kwa muamala mmoja. Kiasi kama hiki hupita kwa RTGS, uhamisho wa moja kwa moja kati ya benki, na RTGS ikishatoka hurudishiwi kwa kupiga simu. Kwa hiyo ukaguzi wote uishe kwanza, mkutane ndani ya benki, saa iwe mezani, risiti iwe na namba zote mbili. Wala usiinunue kwa hesabu ya kuiuza kesho kwa faida. Bei za saa hizi kwenye soko la mitumba zilipanda sana hadi mwanzoni mwa 2022, kisha zikaanguka, na walionunua kileleni walilia.

Ukishaipata, chukua bima ya hatari zote inayoitaja saa kwa jina na namba, ikiwemo nje ya nyumba. Usome kipengele cha gari lililoachwa bila mtu. Tathmini ifanywe upya kila mwaka. Katikati ya mji, na kwenye foleni dirisha likiwa wazi, mkono wa shati ushuke.

Tarehe usiibadilishe kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku: meno ya tarehe yanakuwa yameshikana, na ukilazimisha linavunjika moja. Peleka mishale kwanza kwenye saa kumi na mbili na nusu. Kile kitufe cha kutilia ufunguo kikaze kila baada ya kukitumia. Mita 50 za kuvumilia maji zinahesabiwa kwa mpira mpya wa kuzuia maji, kwa hiyo ipimwe shinikizo kila mwaka, hasa kabla ya kushuka Mombasa, na ukitoka baharini isuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi. Ikianza ghafla kukimbia dakika kadhaa kwa siku, usikimbilie kuifungua. Sogeza dira karibu yake. Sindano ikicheza, imenasa sumaku ya spika au ya kifuniko cha tableti, na kuiondoa ni kazi ya sekunde chache.

Huduma ni kila miaka minne hadi sita. Ukiipeleka, andika kwenye fomu kwa mkono wako: mashine ihudumiwe, kasha na mkanda visipigwe polishi. Wasipokubali kuandika, isiachwe hapo.

Mwombe mwuzaji picha mpya za ile pete, moja kwa kila upande, mwanga ukitoka ubavuni, na ya nyuma yenye namba. Nitumie kabla ya Alhamisi nizipitie, ndipo upange siku ya fundi.

Mama yako