Barua kwa mwanangu: lile jumba la matao uliloliona Bagamoyo

Chumbageni, Tanga

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi, na wasalimie wenzako wote wa chuoni. Picha uliyotuma imefika, na swali lako nimelisoma: lile jumba jeupe lenye matao na meno juu (vile vipande vya ukuta vinavyochomoza kileleni kwa nafasi), mlilolipita na basi Bagamoyo, linaitwaje? Wenzako wamekujibu ni jumba la Mjerumani. Jibu hilo halikufikishi popote, mama. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani mpaka 1891 walipohamia Dar es Salaam, kwa hiyo kila ukuta mnene pale hubandikwa jina la Mjerumani, hata ule uliosimamishwa na Mwarabu karibu miaka thelathini kabla yake.

Nadhani uliona Boma, iliyokuwa ofisi ya serikali ya Wajerumani. Lakini usiliandike kwenye ripoti yako kwa sababu mimi nimesema. Lipime mwenyewe kwanza, nami nitakuonyesha namna.

Anza na saa. Umesema ilikuwa saa kumi jioni. Pwani ya Bagamoyo inatazama kaskazini-mashariki, na saa kumi jua liko upande wa bara. Kwenye picha yako uso wa jengo umepigwa na jua wote, na kivuli cha nguzo kimeingia ndani ya baraza. Basi uso huo unatazama bara, bahari iko mgongoni mwake, na basi lenu lilikuwa upande wa mjini. Hapo jengo la Forodha la 1895 linatoka kwenye hesabu, maana lile liko ufukweni kabisa, jirani na soko la samaki. Mngepita pale ungenitajia harufu kabla ya matao.

Saa yenyewe usiitegemee kichwani. Fungua picha kwenye simu iliyoipiga, tazama maelezo yake: saa imeandikwa, na kama ulikuwa umeruhusu, mahali pia pameandikwa. Picha uliyonitumia kwa WhatsApp imekuja bila maelezo hayo, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida yanaondolewa na ukubwa wake unapunguzwa. Ukiituma kama dokumenti inafika kama ilivyo. Nitumie hivyo.

Sasa jengo lenyewe. Meno yale ya juu ya ukuta ndiyo yanayowapoteza watu wengi, kwa sababu majengo mawili makubwa ya Bagamoyo yanayo: Boma na Ngome Kongwe. Meno peke yake hayathibitishi lolote. Tazama chini ya meno. Ngome ilijengwa kama nyumba mnamo 1860 na Abdallah Suleiman Marhabi, na baadaye ikawa ya askari wa Sultani Barghash. Kwa nje imefumba: ukuta mrefu, nafasi chache, maana uhai wa nyumba za namna ile uko ndani, uani. Boma lilikamilika 1897 likiwa ofisi ya serikali, nalo limefumbuka: baraza chini na baraza juu, matao yamepangwa mstari mbele, mtu asimame pale aonekane na aone. Kwenye picha yako naona matao chini na juu. Ndiyo maana moyo wangu umeelekea Boma.

Lakini kuna jumba la tatu lenye baraza za matao, nalo ni la misheni ya Roho Mtakatifu, ile iliyoanza 1868. Nyumba ya mapadri ilianza kujengwa 1873, na ghorofa yake ya juu kabisa ilikamilika 1903. Hilo lina safu tatu za matao, chini, kati na juu, wala halina meno. Hesabu safu. Tawi la mwembe limekata picha yako upande wa kushoto, na mimi nahesabu mbili tu, ila sipendi kuapa juu ya kitu kilichojificha nyuma ya jani.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakihitaji nauli. Fungua ramani ya setilaiti, sogea mpaka mji mkongwe, utazame mapaa kutoka juu. Boma lina umbo la herufi U: mgongo mmoja na mikono miwili. Ngome ni mraba wenye ua katikati. Nyumba ya misafara, kule walikofikia wapagazi, ni boksi ndani ya boksi, yaani vyumba vya chini vimezunguka uwanja na jengo la ghorofa limesimama katikati. Uso wa jengo hupakwa rangi, huzibwa madirisha, huongezwa kibanda mbele. Umbo la msingi haligeuki kirahisi hivyo. Ukishaiona ile U, simamisha kidole pale ulipokuwa basini, uone kama uso unaotazama bara unalingana na picha.

Jihadhari na kitu kimoja hapo. Boma liliangukiwa na mvua za El Niño za 1997 na 1998, sehemu yake ikabomoka, kisha likatengenezwa kwa awamu. Picha za zamani, za baada ya kubomoka na za leo zinaweza kuonekana kama majengo matatu tofauti. Ukilinganisha, jua kwanza picha unayolinganisha nayo ni ya mwaka gani.

Umeuliza pia kwa nini ukuta wake umebanduka kama ngozi. Lisogelee ukirudi. Majumba haya yamejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa na mchanga. Jiwe hilo lina vitundu vingi, hunyonya unyevu kutoka ardhini na chumvi ya bahari. Likipakwa lipu ya chokaa, unyevu unatoka polepole na ukuta unakauka. Fundi akija na sementi, akapiga lipu ngumu juu yake, unyevu unakosa pa kutokea. Chumvi inaganda nyuma ya lipu, inaisukuma, na siku moja kipande cha ukubwa wa meza kinadondoka. Gonga kwa kifundo cha kidole: penye sauti ya mtungi mtupu, lipu imeshaachana na jiwe. Pale palipobanduka angalia kilicho chini. Jiwe likiwa na alama za matumbawe, mistari kama ya sega la nyuki, hilo ni jengo la kale kweli. Ukiona tofali la sementi, sehemu hiyo imeongezwa juzi, hata kama imepakwa chokaa ikafanana na nyingine.

Na dari inasema. Nyumba za pwani za kale ziliezekwa kwa boriti za mikoko, na boriti nzuri haipiti sana mita tatu. Ndiyo sababu vyumba vyake ni vyembamba na virefu, kama ushoroba. Ukiingia jengo la kale ukakuta chumba kipana kisicho na nguzo katikati, tazama juu utafute chuma. Wajerumani walitumia mihimili ya chuma, na chuma karibu na bahari hupata kutu, kutu hujaza nafasi kuliko chuma chenyewe, zege linapasuka mstari mmoja ulionyooka kufuata mhimili. Ufa wa ukuta uliozama msingi hupanda kwa mshazari. Usichanganye hizo mbili. Paa la bati lisikudanganye kabisa: mapaa bapa ya chokaa yalivuja, watu wakaweka bati juu, kwa hiyo nyumba ya zamani sana inaweza kuvaa bati.

Ukishindwa, uliza watu, ila uliza vizuri. Usimwonyeshe mzee picha ukasema, "Hili ni Boma, eti?" Atakuitikia kwa heshima, ubaki na kosa lako. Amkia kwanza, kaa barazani, halafu sema, "Babu, hili mnaliitaje?" Ukae kimya. Waulize watu wawili ambao hawajakaa pamoja. Kisha nenda ofisi ya Mambo ya Kale, wao wana kumbukumbu.

Pima na hadithi kwa tarehe. Ukiambiwa mbele ya Boma kwamba Emin Pasha, yule daktari Mjerumani aliyekuwa gavana kusini mwa Sudan, alianguka kutoka ghorofa ile, haiwezekani: alianguka Desemba 1889, na Boma lilikuwa bado. Jengo la kisa hicho ni Liku, lililokuwa makao ya Wajerumani kabla hawajahama. Na ukionyeshwa kanisa kubwa la misheni, la 1910 mpaka 1914, ukaambiwa ndimo ulimolazwa mwili wa Livingstone, kumbuka ulifika pale Februari 24, 1874. Ulilazwa kwenye kanisa la kwanza, la 1872, ambalo mnara wake bado upo.

Kutafuta kwa picha kwenye Google jaribu, lakini kata anga, watu na ule mwembe, ubakize matao na meno tu. Hata hivyo itakuletea maboma ya miji mingine, maana Mikindani wana boma lao la 1895 lenye meno, na hata sisi Tanga tunalo letu. Andika jina la mji pamoja na picha, na usikubali jibu lisilo na umbo la U.

Basi nitumie picha asili kwa dokumenti, na kama una nyingine uliyopiga sekunde moja kabla au baada, hata ikiwa imetikisika, nayo nitumie. Nataka kuona mwisho wa ukuta ule wa kulia, nyuma ya nguzo ya umeme: kama unapinda kurudi nyuma kuelekea baharini, huo ni mkono wa U.

Mama yako